Oda za Mama

Jumatatu, 3 Machi

Kazi! Nimepata kazi! Naandika tena niione vizuri: kazi.

Miezi minne tangu ile kampuni ifunge, tukatoka na vikombe vyetu kwenye maboksi. Na leo asubuhi Bosi wa mama kanipigia simu mwenyewe. Nasikia unatengeneza programu za simu, kasema, njoo tuongee. Mama anasema alinitaja tu, katika mazungumzo.

Saa tatu nilikuwa mlangoni. Mkahawa ambao nimekulia ndani yake — mama anahudumu pale mwaka wa ishirini na mbili huu, na kazi zangu za shule nilizifanyia chini ya meza ya saba. Leo nimeingia na viatu vya ofisini. Mama akanipokea kama hanijui. "Karibu mteja, utakaa dirishani au ndani?" Uso mkavu kabisa! Nusura niangue kicheko mbele ya Bosi.

Shida ya Bosi ni hii. Saa saba mchana ofisi zote za mtaa zinatema watu kwa mpigo. Meza kumi na mbili zinajaa. Watu wana saa moja tu ya kula, na chakula kinachukua karibu nusu saa kufika. Wengine wanatazama saa, wanainuka, wanaondoka na njaa yao. Anachotaka: mhudumu abonyeze kwenye simu, oda itokee jikoni kwenye skrini, papo hapo. Mambo ya kupiga kelele dirishani yaishe.

Nikasema naweza.

Mpishi, wote wanamwita Jenerali kwa jinsi anavyoziamrisha sufuria, alinitazama toka juu mpaka chini. Akauliza kama hiyo simu itakaanga na vitunguu. Nikamwambia toleo la kwanza hapana. Akacheka. Nadhani tutaelewana.

Asante, Mungu. Nilikuwa nimeanza kuogopa kuamka.

Jumanne, 4 Machi

Kabla hujachora, pima. Nimepewa kiti kando ya friji, nina daftari na saa ya simu. Kwa kila oda naandika: mteja kakaa saa ngapi, kaulizwa saa ngapi, oda imefika dirishani saa ngapi, sahani imetoka saa ngapi.

Wahudumu ni wawili. Twiga — ni mrefu, akimwinamia mteja utadhani anakunywa maji mtoni — anaandika kila kitu kwenye kijitabu. Mama haandiki. Hajawahi kuandika. Ndiyo sifa yake mtaa mzima: meza ya watu kumi na mmoja, huyu bila chumvi, yule mchuzi pembeni, na kila sahani inatua mbele ya mwenyewe. Nilipokuwa mdogo nilidhani mama wote wako hivyo.

Sijawahi kumtazama akiwa kazini tangu nimekua. Anagusa kwanza mgongo wa kiti, ndipo anaongea. Wazee wote anawaita "kijana". Wananyoosha mashati!

Nimejisahau nikimtazama. Oda mbili sikupima.

Alhamisi, 6 Machi

Namba hazieleweki.

Oda za Twiga, toka mteja aseme mpaka sahani itoke: dakika kumi na nne kwa wastani. Za mama: ishirini na tatu. Wakati mama ndiye wa haraka! Anawahi mezani, anawahi dirishani, anaita — halafu oda inakwama. Hapo hapo dirishani. Jenerali anaitika "Sawa!" mpaka vijiko vinalia, kisha hagusi kitu. Anafuta kisu. Anaonja mchuzi aliokwishaonja. Dakika tano, sita, saba. Ndipo anaanza.

Za Twiga anaanza kabla mwenyewe hajageuka.

Ana nini na mama yangu huyu? Nikamfuata nikamuuliza. Hakuinua macho. "Binti, wewe pima sufuria. Watu waache."

Watu waache! Haya.

Kitu kingine, labda si kitu. Mama Povu, yule mama wa kuosha vyombo, anatoka na jagi la maji kila mama anapomaliza kuita oda. Anajaza glasi. Lakini za meza za mama tu. Wateja wa Twiga na wafe kwa kiu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeona. Sijui niandikeje. Niandike tu.

Nilihamia meza ya tano, nikajifanya nahangaika na simu. Meza ya nne, nyuma yangu, watu watatu wa ofisi, tai shingoni. Nimesikia kwa masikio yangu mwenyewe: samaki, samaki, na supu ya mboga. Mama akarudia vizuri, akatabasamu, akaenda. Hatua kumi mpaka dirishani. Akaita: "Meza ya nne! Kuku wawili na maharagwe!"

Nikadhani nimesikia vibaya.

Mama Povu huyo, na jagi lake. Akamimina polepole. Samahani wanangu, akasema, jikoni wanataka uhakika, mlisema nini vile? Wakamwambia. Akarudi ndani, akapita nyuma ya Jenerali kama anaelekea kwenye sinki, akanong'ona bila kusimama. Jenerali akatia samaki kwenye mafuta.

Na chakula kilipoiva akaita kwa ile sauti yake: "Dada mkubwa! Samaki wako wawili na supu moja, meza ya nne, kama ulivyosema!"

Kama ulivyosema.

Mama akabeba, akapeleka, mtu wa tai akamwambia asante mama. Uso wake uling'aa.

Nilihesabu mpaka saa nane na nusu. Oda kumi na tisa alizochukua mama. Sita aliziita vibaya. Wateja wote wa oda hizo sita walipata chakula walichoagiza.

Nikaingia stoo, nikakaa juu ya gunia la mchele. Sikulia.

Haya, nililia.

Jumamosi, 8 Machi

Jumamosi tunafunga saa nane mchana. Mama aliondoka na Twiga kwenda kununua nyuzi. Mimi nikabaki.

Jenerali alikuwa mlango wa nyuma, kwenye jua, sinia la maharagwe magotini, anachambua. Nikavuta ndoo, nikaigeuza, nikakaa. Nikaanza kuchambua naye.

Nikamuuliza: tangu lini?

Hakujifanya haelewi. Namshukuru kwa hilo.

"Mwaka juzi, mwisho mwisho," akasema. "Mwanzo chai badala ya kahawa. Nani hakosei? Baadaye sahani nzima. Siku moja akasimama pale dirishani, akafungua mdomo — hakuna kitu. Akanitazama. Binti, sijawahi kuona mtu akinitazama vile. Nikamwambia, dada umesema kuku, nimekusikia. Hakuwa amesema. Basi, ndiyo ilivyoanza."

"Na Bosi?"

"Bosi yuko kaunta. Anaona sahani zinafika."

Nikasema mngeniambia mimi. Mimi ni mwanawe! Akachambua kwanza punje kama ishirini. Kisha akanipa habari ambayo sijawahi kuisikia. Wiki yake ya kwanza hapa aliunguza wali siku tatu mfululizo. Hakuwa anaujua moto wa jiko hili. Bosi wa wakati ule, baba yake huyu Bosi wa sasa, alitaka kumtimua. Mama akasimama akasema ni yeye: yeye ndiye aliyeongeza moto akitaka chakula kiwahi. Siku tatu zote alisema ni yeye!

"Alinisindikiza mpaka nikajua kazi," Jenerali akasema. "Watu watasema tunamficha. Hatumfichi. Tunamsindikiza."

Mama Povu akatoa kichwa mlangoni, sabuni mpaka kwenye viwiko. "Na jagi lenyewe lilivyo zito! Tazama msuli huu." Akakunja mkono kuuonyesha. Tukacheka wote watatu, mimi kamasi zinanitoka.

Lakini Jenerali hakuishia hapo. Programu yako ikianza, alisema, kila kitu kitaandikwa. Nani kaagiza, saa ngapi, nani kakosea. Jagi halitasaidia tena.

"Sasa saa unayo wewe, amua cha kupima," akaniambia. Akainuka na sinia lake.

Jumapili, 9 Machi

Nyumbani. Naishi naye nyumba moja na sikuona! Ufunguo ndani ya kopo la sukari, nilicheka. Kaniita kwa jina la shangazi, mara mbili wiki moja, nilisema amechoka. Leo nimefungua mlango wa kabati nikakuta vikaratasi vimebandikwa upande wa ndani. *Zima jiko. Dawa ya presha — asubuhi.* Mwandiko wake mzuri, herufi zimesimama wima.

Miezi minne nimekaa hapa nikijihurumia.

Mama anapiga pasi sare yake na anauliza maswali. Programu itakuwa na nini? Itajua meza ipi? Mtu akiitazama tena, itamwonyesha alichobonyeza? Nikajibu tu, kama anayemjibu mwanafunzi. Sikumwambia kitu.

Jumatatu, 10 Machi

Ni zile hatua kumi!

Nimemtazama mchana kutwa. Akiwa mezani, mbele ya mteja, mama hakosei. Hata mara moja. Anarudia oda neno kwa neno. Oda inapotea njiani — kati ya kiti na dirisha. Mtu akimsalimu njiani, ndiyo kabisa.

Basi asibebe kitu njiani. Abonyeze pale pale, mteja bado anaongea.

Mchoro wote niliokuwa nao nimeutupa. Naanza upya, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hizi najua namtengenezea nani.

Jumatano, 12 Machi

Toleo la kwanza — aibu! Kurasa tano. Unachagua meza, unasonga, unachagua aina ya chakula, unasonga, chakula, unasonga, idadi. Twiga alipita kama upepo. Mama alifika ukurasa wa pili, kidole kikabaki hewani. Akanirudishia simu akitabasamu. "Hii umewatengenezea wanafunzi wa chuo, mama. Sisi wengine tuna vidole vya kushika sahani."

Nikafuta kurasa nne. Sasa kila kitu kiko mbele yako: meza imechorwa kama ilivyo, na viti vyake. Unagusa kiti, unagusa picha ya chakula. Basi. Kitu ulichogusa kinakaa juu ya kiti mpaka sahani ifike.

Wazo la viti ni la Mama Povu. Nilikuwa nimeandika mteja wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akakunja uso. Nani anajua wa kwanza ni yupi? Weka dirisha, weka mlango, mtu ajue wa dirishani anakula nini. Miaka minane ya kusoma na kufanya kazi, na anayenifundisha kazi ni mtu wa sinki! Nilimkumbatia na sabuni yake.

Picha nimepiga mwenyewe. Jenerali alipanga kila sahani kama bibi harusi, hataki niguse kitu. Wali wangu wa kuchora ulikuwa umeshindikana, alisema ni kichuguu.

Ijumaa, 14 Machi

Majaribio. Saa ya chakula, mkahawa umefurika.

Dakika kumi za kwanza sitaki kuzikumbuka. Skrini ya jikoni ikaandika supu sita kwa mtu mmoja — mama alibonyeza, hakusikia kitu, akabonyeza tena na tena. Jenerali akachungulia: "Huyo mteja ni tembo?" Nikakaa chini pale pale karibu na friji nikaongeza mlio. Ukigusa, *ting*. Ukigusa tena, inakuuliza: ya pili?

Kisha ikaenda. Ikaenda! Mama anagusa mgongo wa kiti kama zamani, anaongea, kidole chake kinagusa picha, ting, anaendelea mbele. Jikoni Jenerali tayari amewasha. Hafuti kisu. Haonji kitu.

Mama Povu alitoka na jagi kwa mazoea. Akafika katikati ya ukumbi, akasimama. Akanitazama. Hana pa kwenda! Kisha akaenda akajaza glasi za meza ya Twiga, na wateja wakashangaa ni nini kimetokea leo.

Meza za mama: dakika kumi na mbili. Oda zote sawa. Zote.

Jenerali alinipakulia mwenyewe, akaniletea sahani mpaka kwenye kiti changu kando ya friji, akaniwekea na kitambaa.

Jumamosi, 15 Machi

Nilijua furaha ya jana ilikuwa kubwa mno kwa saizi yangu.

Bosi kaniita kaunta, uso umemchanua. Ni kazi safi, kasema. Wateja watatu wamemsifia. Halafu, anafunga droo: kwa kasi hii, wahudumu wawili wa nini? Mmoja anatosha saa ya chakula, na yeye mwenyewe atasaidia. Jumatatu nimpe ripoti. Kila mhudumu peke yake, kabla ya programu na baada yake. Anataka kuamua kwa haki.

Kwa haki! Na ni mtu mwema, ndiyo maana inauma zaidi.

Ninazo zile namba. Kumi na nne, ishirini na tatu. Nikimpa, mama anatoka. Na akiuliza kwa nini ishirini na tatu? Nikifuta safu ya majina na kusema programu haikupima, Twiga ndiye atakayetoka, kwa sababu mama ana miaka ishirini na mbili hapa. Twiga ana mtoto wa darasa la kwanza.

Nimejitengenezea panga kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumapili, 16 Machi

Nilipiga moyo konde baada ya chai. Mama alikuwa anashona kifungo. Nikasema, mama, kuna jambo la kazini.

Hakuinua macho kwenye sindano. "Umeshaniona," akasema. "Sivyo?"

Akakata uzi kwa meno.

"Ulikaa meza ya tano ile Ijumaa, umeinamia simu. Simu yenyewe imezimika. Nikajua."

Kumbe anajua yote. Na jagi anajua! "Unadhani sijui kwamba tangu dunia iumbwe yule mwanamke hajawahi kumpelekea mtu maji? Nilimwacha ajione mjanja. Ningewaambia nini? Ningewaachia aibu, na wao walikuwa wamenipa heshima."

Kisha akaniambia lile jingine. Hakunitaja katika mazungumzo. Alimwandama Bosi wiki tatu. Kila asubuhi: mwanangu anaweza kukutengenezea, muite. Kila asubuhi! Alikuwa na hofu kwamba atasahau kama alishamwambia, akaona heri arudie.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mimi moja kwa moja.

"Ulikuwa umelala kitandani miezi minne umegeukia ukuta," akasema. "Nikuongezee na hili? Nikasema apate kazi kwanza. Ainuke. Akiinuka ataniona mwenyewe, na akiniona atakuwa na nguvu."

Nimeandika maneno yake kama yalivyo. Sitaki nami niyasahau.

Nilimwangukia mapajani, mtu mzima mimi, na kifungo kikapotea, tukakitafuta chini ya kochi wote wawili tukicheka. Nikamwambia kuhusu ripoti. Nikamwambia ninaweza kuficha. Hapo ndipo alipokasirika — kwa mara ya kwanza.

"Usinifutie kitu. Mpe Bosi namba zake. Yaliyobaki nitasema mimi."

Na hospitali? Amekuwa akiikimbia. Nikasema nitaenda naye. Akaniambia, tumalizane na Bosi kwanza.

Jumatatu, 17 Machi

Tulimsubiri Bosi kabla ya kufungua. Viti bado viko juu ya meza. Nikampa ripoti, namba zote, majina yote. Aliposoma ishirini na tatu akainua nyusi. Mama akasema: "Hiyo ni mimi. Na nitakwambia kwa nini."

Akasema yote. Amesimama wima, mikono mbele ya aproni, kama anasoma menyu. Hakutaja jagi. Hakumtaja Jenerali. Alisema tu: nimekuwa nasahau, nimekuficha, samahani.

Jenerali akatoka jikoni bila kuitwa. "Si yeye peke yake aliyekuficha, Bosi. Ni mimi." Nyuma yake Mama Povu: "Na mimi." Twiga akasema yeye alikuwa anajua tangu mwaka jana na alikuwa anazirudisha mezani sahani zilizopotea njia. Twiga! Sikuwa najua hata mimi.

Bosi aliwatazama mmoja mmoja. Hakupiga kelele. "Mwaka na zaidi," akasema. "Mkahawa wangu mwenyewe, na mimi ndiye mgeni." Kisha, taratibu: "Na kama angekuja mtu ambaye samaki ni sumu kwake? Mkaniletea maiti mezani — mngesemaje?"

Ana haki. Sote tulitazama sakafu.

Akaingia ofisini kwake, mlango ukafungwa. Tukashusha viti. Nini kingine cha kufanya? Saa tano akatoka, macho mekundu. Akavuta kiti meza ya kwanza, akakaa, akamwambia mama: "Nihudumie."

Mama akachukua simu. Akagusa mgongo wa kiti. Ting. Chai, mayai, mkate usioungua. Ikafika dakika ya sita, chai, mayai, mkate. Bosi akala mpaka mwisho. Akafuta mdomo.

Akasema hivi: hakuna anayetoka wiki hii, si mama, si Twiga. Mama ahudumu kwa programu tu, hakuna kuita kwa mdomo. Mimi niongeze sehemu ya kuandika vitu ambavyo mteja hatakiwi kula, vitokee kwa rangi nyekundu. Jumatano mama aende kwa daktari — "si ombi, dada" — na daktari akisema, ndipo tutaamua. Zaidi ya hapo hakuahidi.

Mama akasema asante. Bosi akamwambia kwa sauti ya chini, ila nilisikia: "Wewe ndiye ulinifundisha kubeba sahani tatu mkono mmoja. Ungeniambia mimi kwanza."

Ile sehemu nyekundu nimeimaliza alasiri hii hii.

Jumatano, 19 Machi

Hospitali. Naandika kwenye benchi, mgongo ukutani, daftari gotini.

Tumefika saa mbili asubuhi. Mama kavaa gauni la kijani na viatu vya kwenda harusini. Kwenye foleni kamsalimu kila mtu. Mzee mmoja alikuwa analalamika, mama akamwita kijana, akanyamaza na kunyoosha kola. Bosi leo anahudumu badala yake. Twiga ananitumia ujumbe: kavaa aproni kinyumenyume na hakuna anayethubutu kumwambia.

Daktari ni mama mtu mzima, miwani kwenye uzi. Aliniruhusu niingie mwanzo. Aliuliza tarehe, mama akasema. Siku, akasema. Kisha akamwambia: nitakupa maneno matatu, uyashike, nitakuuliza baadaye. Taa. Mto. Farasi. Mama akayarudia bila shida. Akaambiwa achore saa, akaanza kuchora. Hapo daktari akaniomba nitoke. Nadhani kwa sababu nilikuwa naigiza kwa mkono namba zinavyokaa. Sikujijua!

Mlango haukujifunga vizuri. Nasikia.

Daktari anamuuliza kuhusu usingizi. Kuhusu presha. Kuhusu kazi — na hapo mama anaongea! Anamweleza viti, dirishani, mlangoni, mwanangu ndiye aliyetengeneza, inalia ting. Mwanangu, mwanangu. Muuguzi anayepita ananitazama mimi na machozi yangu, nami nampungia mkono kwamba niko sawa. Niko sawa. Namshukuru Mungu kwa Jenerali, kwa Mama Povu, kwa yule Twiga aliyenyamaza, kwa Bosi na aproni yake. Namshukuru hata kwa ile kampuni iliyofunga.

Sasa daktari anasema: haya mama, yale maneno matatu.

"Taa," mama anasema.

"Ndiyo."

"Mto."

"Ndiyo."

Kimya.

Kiti kimelia. Bado kimya. La tatu ninalo mimi hapa, liko kwenye ncha ya ulimi, ningeweza kukohoa nikalisema. Nimeuma mdomo. Hakuna anayetoka na jagi.

Sauti ya mama — taratibu, haina haya, ile ile ya mezani:

"La tatu limenitoka, daktari. Andika hapo kwamba limenitoka. Halafu uniambie tunafanyaje."

Kalamu ya daktari inaandika. Sasa viatu vinakuja mlangoni, ananiita ndani. Naenda.